Mkojo Husema Kabla ya Figo

Mtoto akishukiwa kuwa na kichocho, mkojo wa alfajiri hautoshi. Apewe kikopo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ikiwezekana baada ya kukimbiakimbia kidogo, maana huo ndio wakati mayai ya mnyoo hutoka kwa wingi. Mkojo huachwa utulie au huzungushwa kwa mashine, kisha tone la mashapo huwekwa chini ya darubini. Hapo fundi wa maabara huliona: yai refu la mviringo, lenye mwiba mmoja mkiani.

Kambove, mji wa shaba jirani na Likasi katika Haut-Katanga, una sababu ya kulijua yai hilo. Katika wilaya yake kuna ziwa Tshangalele, lililozaliwa mwaka 1930 baada ya mto Lufira kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha ili migodi ipate umeme. Kichocho kinajulikana Katanga tangu enzi za Wabelgiji. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, kando ya ziwa au kijito. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono havionekani kwa macho, na huipenya ngozi ya anayevua, anayefua au anayeogelea kwa dakika chache tu.

Ndani ya mwili vijidudu hivyo huwa minyoo. Ikishakomaa, dume na jike huishi pamoja kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na wanaweza kukaa humo miaka kadhaa. Jike hutaga mayai kila siku. Mengine hupasua njia hadi kwenye mkojo, ndipo mtoto anapoona damu mwishoni mwa haja ndogo. Yaliyobaki hunasa, mwili huyapiga vita, na makovu hujengeka. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo ikibanwa na makovu hayo, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Mgonjwa anaweza asisikie maumivu yoyote kwa miaka. Siku atakapovimba miguu na kukosa hamu ya bukari, huenda sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha pia kwamba mnyoo huyu husababisha saratani ya kibofu.

Malaria nayo huumiza figo, ila haina subira hiyo. Chembe nyekundu zilizovamiwa na vimelea vya falsiparamu hunata kwenye vishipa vyembamba, vya figo vikiwamo, na damu hupita kwa shida. Chembe nyingine hupasuka na kumwaga rangi yake, ambayo figo hulazimika kuichuja. Mgonjwa akiwa anatapika na hanywi maji, mzigo huo huzidi. Mkojo hugeuka mweusi kama kahawa au hukauka kabisa, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya siku chache.

Kuna hata malaria inayodhuru figo polepole. Katika miaka ya 1960, John Kibukamusoke na wenzake wa Makerere, Uganda, walionyesha uhusiano kati ya malaria inayopandisha homa kila baada ya saa 72 na watoto waliovimba uso na tumbo kwa sababu figo zao zilivujisha protini. Watoto hao hawakupona kwa kutibiwa malaria peke yake, kwa kuwa vichujio vya figo vilikuwa vimekwisha kuharibika.

Basi dawa ina wakati wake. Prazikwanteli, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo ya kichocho, na kwa watoto vidonda vya kibofu mara nyingi hupungua ndani ya miezi michache. Kovu la zamani halifutiki kwa kidonge. Kwa malaria kali, utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 5,425 kutoka nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwamo, ulionyesha kuwa sindano ya artesunate hupunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Ila sindano hiyo humsaidia aliyefika mapema. Figo zikizima, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo haipo kwenye kituo cha afya cha kijijini.

Mama, baba, mwalimu: mtoto akikojoa damu, msiseme ni dalili ya kukua wala msingoje ipite. Mpelekeni apimwe. Mwenye homa akikojoa mkojo mweusi, au akipitisha nusu siku bila kukojoa, msimpe dawa za maumivu za dukani wala mizizi ya kuchemsha. Mwahisheni lopitalo siku hiyohiyo. Figo haina sauti. Rangi ya mkojo ndiyo taarifa yake, nayo huonekana bila darubini.