Unyenyekevu na Beseni la Maji

Unyenyekevu wa Kikristo ni mtu kujiona mbele za Mungu jinsi alivyo, bila kujikweza wala kujidharau, kisha kuwatumikia wengine. Mfano wake mkuu umo katika Yohana sura ya 13: Yesu anawaosha wanafunzi miguu, kazi ya watumishi. Petro alikataa kwanza. Kwa kweli, kukubali kuoshwa huweza kuwa kugumu kuliko kuosha.

Jijini Mbeya, ikiwamo kata ya Ilomba, madhehebu ni mengi, na kila moja limeupokea mfano huo kivyake. Wakatoliki huosha miguu Alhamisi Kuu. Tangu 2016 wanawake nao wanaruhusiwa kuoshwa. Waadventista Wasabato huoshana kabla ya Meza ya Bwana. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa wameiacha desturi hiyo huko Ulaya tangu 1818.

Ibada, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, au wa kwaya, pale mzee wa kanisa anapopaswa kumwomba radhi kijana. Wala unyenyekevu haumtaki aliyeonewa anyamaze. Paulo, raia wa Rumi, alidai haki yake waziwazi alipofungwa Filipi. Na ni yeye aliyewaandikia Wafilipi juu ya Kristo kujinyenyekeza.