Kipindi cha 14: Unga wa Mimea kwa Nywele, Ujue Unachopaka

Kama jirani yuko karibu, mwite asikilize pia. Leo tunazungumzia nywele, hasa unga wa mimea ambao akina mama wengi hupaka ili nywele ziwe laini na zisikatike. Unga huu unasaidia? Ndiyo, unasaidia. Lakini upo unga wa kupaka na upo unga wa kuogopa, na mtoto mchanga ana sheria yake.

Kwanza, tujue nywele zetu. Nywele zikishatoka kichwani hazina uhai tena, kama kucha. Kwa hivyo unga haulishi nywele. Kazi yake ni kusafisha, kulainisha na kuzifunika kwa nje. Nywele zetu za kujikunja hukauka upesi kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki kwa urahisi hadi nchani. Ongeza dawa ya kulainisha nywele na moto wa saluni, na nywele zinaanza kukatika.

Sasa tuangalie mimea mitatu inayopatikana kwa urahisi.

Wa kwanza ni uwatu. Loweka vijiko viwili vya mbegu usiku kucha, au koroga unga wake kwa maji ya vuguvugu. Utaona ute unaoteleza. Ute huo ndio unaolainisha nywele. Osha nywele, paka zikiwa bado na unyevu, ngoja nusu saa, kisha suuza vizuri kwa maji mengi.

Wa pili ni mkunazi. Majani yake yana povu la asili, na watu wa Pwani wameyatumia tangu zamani kuoshea nywele. Chuma majani mabichi, yaoshe, yaanike kivulini, yatwange na kuyachekecha. Koroga kwa maji kama uji mwepesi, oshea kichwa polepole, kisha suuza.

Wa tatu ni hina. Kutoka Lamu hadi Mombasa hakuna asiyeijua, maana bibi harusi hupambwa kwayo. Rangi ya hina hushikana na nywele na kuzifunika, hivyo huonekana nzito na zenye kung'aa. Koroga kwa maji ya vuguvugu, iache saa chache, paka, kisha osha baada ya saa moja au mbili. Hina inaweza kukausha nywele, kwa hivyo malizia kwa mafuta kidogo ya nazi. Kumbuka pia kwamba rangi yake haitoki kwa kuosha. Kama nywele zako zimetiwa dawa, jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja.

Kabla ya kutumia unga wowote, paka kidogo ndani ya kiwiko na ungoje siku mbili. Ukiwashwa au ukitoka vipele, usiutumie. Unapouchekecha, funika pua kwa kitambaa, hasa ukiwa na pumu, na uwaweke watoto mbali na vumbi lake.

Sasa, mama, sikiliza kwa makini. Unga halisi wa hina una rangi ya kijani au kahawia, na hutoa rangi ya machungwa au nyekundu ya udongo, tena kwa saa nyingi. Hina peke yake haitoi rangi nyeusi. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, inakolea kwa dakika chache, ujue imechanganywa na kemikali. Kemikali hiyo mara nyingi ni ile iliyo katika piko, rangi nyeusi ya nywele. Ikikaa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge, makovu na uvimbe wa uso. Na ngozi ikishaikataa mara moja, huikataa maisha yote. Kwa hivyo usimchore mtoto piko, hata kwa sherehe ya siku moja. Na usiiache mahali mtoto anaweza kuifikia. Ikimezwa, huvimbisha koo na kuharibu figo, na inaweza kuua.

Je, mtoto mchanga apakwe hina halisi? Hapana. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa G6PD, kitu mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, huwapata wavulana zaidi, na hupatikana sana katika sehemu zenye malaria, kama Pwani na eneo la Ziwa. Mtoto huonekana mzima kabisa. Lakini ngozi yake ni nyembamba, na hina ikipenya inaweza kuvunja chembe za damu yake. Madaktari wa nchi za Ghuba wameona watoto waliougua hivyo baada ya kupakwa hina. Ukiona macho ya manjano, viganja na midomo iliyopauka, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo na useme alipakwa nini.

Jambo la mwisho: unga si dawa ya kila tatizo la kichwa. Mabaka ya choa kwa mtoto yanahitaji vidonge kutoka kituo cha afya. Nywele za mtoto zikiwa nyepesi, zimegeuka wekundu na zinang'oka kwa urahisi, huenda ni dalili ya utapiamlo. Hapo usitafute cha kupaka. Mpeleke kliniki apimwe uzito, na uulize kuhusu chakula chake.

Tukumbushane basi. Nunua unga wa mmea mmoja usiochanganywa, au utwange mwenyewe. Jaribu kwanza kwenye kiwiko. Epuka hina nyeusi. Usimpake mtoto mchanga. Ngozi ikiwaka, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukiwa na pakiti mkononi. Mtoto akimeza rangi, usimtapishe, kimbia hospitalini.

Mweleze na mwenzako.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni unga gani wa nywele unaouzwa katika soko letu, na tunajuaje kilichomo?
2. Nyanya akitaka kumpaka mjukuu mchanga hina, tutamweleza vipi kwa heshima?
3. Ni dalili zipi za nywele au kichwa cha mtoto zinazotupasa kwenda kliniki?