Usaha wa Jino: Toa Mwiba Kwanza

Ukichomwa na mwiba njiani kwenda shambani, na mwiba ukabaki mguuni, mguu huvimba na kutunga usaha. Ukimeza dawa uvimbe utapungua; lakini maadamu mwiba umo, usaha utarudi. Ndivyo ilivyo kwa jino lililooza.

Tuseme mama mmoja wa Kabambare anaumwa jino, shavu limevimba. Anakwenda sokoni, ananunua vidonge vinne vya amoksisilini. Siku ya pili maumivu yanatulia, naye anashukuru. Mwezi haujaisha, uvimbe umerudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa nini? Vijidudu vimekaa ndani ya jino lililokufa, mahali ambapo damu haifiki tena, na dawa husafiri kwa damu. Tena, dawa isiyotosha huua vijidudu dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hilo mwaka 1945.

Basi tiba ya kwanza ni kutoa usaha, na kung'oa jino bovu au kusafisha mzizi wake. Mara nyingi hiyo yatosha. Kukiwa na homa au uvimbe unaoenea, mganga huongeza dawa, kwa desturi ya siku 3 hadi 5. Meza zote alizokuhesabia, wala usimgawie jirani. Kama penisilini imewahi kukudhuru, mwambie kabla hujameza. Hata watu wa mijini waliopandikizwa jino la bandia katika mfupa wa taya, usaha ukitoka kwenye fizi, sharti mahali pale pasafishwe. Dawa peke yake haitoshi.

Njoo hospitali upesi, hata usiku, ukiona haya:
1. Uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, au unapanda jichoni.
2. Kinywa hakifunguki.
3. Kumeza mate au kupumua ni shida.

Usipasue uvimbe kwa wembe nyumbani. Watu hufa kwa jino.

Wengine husema, "Mimi nitaomba tu." Omba, ndugu. Lakini soma 2 Wafalme 20: Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havikugombana.

Leo usiku, kabla ya kulala, safisha meno yako na ya watoto wako.