Fahamu: Kwa nini Oliver Twist wa Toronto amezungukwa na giza

Filamu ya Kanada ya mwaka 2003, Twist, iliyoongozwa na Jacob Tierney, inaihamishia riwaya ya Charles Dickens, Oliver Twist, katika Toronto ya siku hizi. Badala ya wachomoaji wa riwaya tunakutana na vijana wanaouza miili yao, na anayefuatwa na kamera ni Dodge, mjanja wa genge la wezi la Fagin, anayeitwa Dodger katika riwaya, si Oliver. Wapo wanaosema huko ni kumchafua Dickens. Lakini giza ni la Dickens mwenyewe: katika riwaya hiyo iliyotoka kati ya 1837 na 1839, Nancy, msichana wa genge hilo, anapigwa hadi kufa na Fagin ananyongwa. Walioitia sukari ni wengine, hasa waliotengeneza filamu ya nyimbo ya 1968, iliyotwaa Oscar ya filamu bora.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba riwaya humwokoa Oliver, ilhali filamu inamnyima mtazamaji faraja hiyo. Ni kweli, ila tuangalie Oliver anaokolewaje: kwa nasaba na urithi. Dodger, asiye na wa kumdai, anahukumiwa kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa kuiba kikopo cha ugoro. Tierney ameamua tu kubaki na huyo.