REKODA YA NJE YA KAMERA: PIGA HESABU YA SAA ZAKO KABLA HUJATOA HELA

Leo tuongee na wale mnaojirekodi video za bidhaa, na vijana wenzangu mnaopokea oda za kupiga video za harusi, send-off na kipaimara kupitia WhatsApp. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kaka, ninunue hadi diski gani nichomeke kwenye kamera, irekodi moja kwa moja?"

Mimi nafanya kazi hiyo huku Mkula, barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, na jibu langu huwa ni lile lile: kabla ya kuchagua, jua unachonunua. Kuna vitu viwili tofauti, na mtandaoni vinauzwa kwa jina moja.

Cha kwanza ni HADI DISKI YA KUHIFADHI. Hii inachomekwa kwenye kompyuta. Unamaliza shughuli, unatoa memori kadi, unahamishia kazi humo. Kamera nyingi za kawaida haziwezi kurekodi kwenye diski hiyo hata kama waya unaingia. Tundu la USB la kamera mara nyingi ni la kutolea mafaili au kuchajia tu.

Cha pili ni REKODA YA NJE. Hii ina skrini yake, inapokea picha kutoka kwenye kamera kwa waya wa HDMI huku unapiga, na inaandika kwenye SSD au kadi yake yenyewe. Mifano ni Atomos Ninja V na Blackmagic Video Assist. Bei yake iko mbali sana na ya hadi diski, kwa hiyo ukiona "rekoda" kwa bei ya flashi, shtuka.

Vipo vifaa vichache vinavyoandika moja kwa moja kwenye SSD ya nje kwa waya wa USB-C, kama kamera ya Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, na simu ya iPhone 15 Pro. Kama chako hakimo kwenye kundi hilo, usidanganywe na muuzaji anayesema "inakubali kamera zote".

Na wale wa mtumba, angalieni. Enzi za kanda za MiniDV kulikuwa na rekoda kama FireStore FS-4, yenye hadi diski ndogo ndani. Saa moja ya DV ilikula kama GB 13, kwa hiyo ya GB 40 ilikupa kama saa tatu. Ilikuwa kifaa kizuri kwa wakati wake, lakini inataka kamera yenye tundu la FireWire. Ukiuziwa leo kwa ajili ya kamera ya HDMI, umepigwa.

SASA, NANI ANAHITAJI REKODA?

1. Ambaye kamera yake inajikata ikifika dakika 29 na sekunde 59. Huo mara nyingi si ubovu. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi, kwa sababu ilihesabiwa kuwa kamera ya video. Viwanda vikaweka kikomo. Rekoda inaweza kuendelea, maana yenyewe inapokea picha tu. Ila jaribu kwanza: kamera nyingine hujizima au kupata joto hata ukitumia HDMI.

2. Ambaye kamera yake ina sehemu moja tu ya kadi, na anapiga shughuli isiyorudiwa. Bibi harusi hawezi kuingia ukumbini mara ya pili kwa sababu kadi yako imegoma. Hapo unarekodi ndani ya kamera na kwenye rekoda kwa pamoja. Usirekodi kwenye rekoda peke yake, maana betri yake ikikatika ghafla faili linaweza kuharibika.

3. Ambaye anarekebisha sana rangi na mteja wake analipia ubora huo.

Wewe unayeuza mchele, vitenge au viatu kwa video za dakika moja, rekoda huihitaji. WhatsApp yenyewe inaibana video yako kabla haijamfikia mteja. Weka hela kwenye taa na kipaza sauti.

HESABU YA KUKARIRI

Angalia kwenye menyu ya kamera au kitabu chake, inarekodi megabiti ngapi kwa sekunde (Mbps). Zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa.

• Mbps 24: kama GB 11 kwa saa. Send-off ya saa 6 ni kama GB 65. Kadi ya GB 128 inatosha.
• Mbps 100: GB 45 kwa saa. Saa 6 ni GB 270.
• Rekoda ikiandika ProRes 422 kwa picha ya 1080, fremu 25: kama GB 55 kwa saa. Saa 6 ni GB 330.
• ProRes 422 kwa 4K, fremu 25: kama GB 221 kwa saa. Saa 6 zinapita TB 1.3!

Na hapo ni nakala moja. Kazi ya mteja inatakiwa iwe na nakala mbili. Kwa hiyo anayenunua rekoda ananunua pia SSD, diski za kuhifadhia, betri na kompyuta inayoweza kubeba mzigo huo. Wengi wanaishia kushindwa hapo, rekoda inauzwa tena kwa hasara.

KABLA HUJALIPA, KAGUA HAYA

• HDMI ya kamera itoe picha safi, bila maandishi ya menyu na alama ya betri. Kama maandishi hayaondoki, yataingia kwenye video ya harusi.
• Ukubwa wa tundu. HDMI ndogo kabisa (micro) inavunjika kirahisi mtu akikanyaga waya. Tafuta kishikio cha kuubana waya.
• SSD iwe kwenye orodha ya zinazokubaliwa na mtengenezaji wa rekoda. Isiyo na kasi ya kutosha itaruka fremu.
• Betri. Ninja V inatumia betri za aina ya NP-F. Umeme ukikatika ukumbini, kazi isisimame.
• Ujazo wa kweli. Kuna mteja aliniletea diski ya mtandaoni iliyoandikwa TB 16. Nikaipima, ndani ilikuwa GB 64. Diski za namna hiyo zinapokea mafaili bila kulalamika, halafu yanayozidi hayafunguki. Pima kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla hujaweka kazi ya mtu.
• Jaribu saa nzima kwa kamera YAKO. Dakika mbili dukani hazitoshi.

Kwa sisi wa bondeni, ongeza hali ya hewa. Kiangazi ni vumbi, masika ni mvua na unyevu wa Udzungwa. Rekoda yenye feni inavuta vumbi ndani, ifutie na kuifunika. Diski ya kuzunguka ni ya mezani tu, isitingishwe ikiwa inafanya kazi. Kwenye bodaboda ifunge kwenye kitambaa na mfuko usiopitisha maji.

Mimi mwenyewe natumia kamera yenye sehemu mbili za kadi, na hadi diski mbili za TB 2. Moja inakaa kwangu, nyingine kwa ndugu yangu. Sifuti kadi mpaka zote mbili zifunguke. Rekoda nakodi mteja anapoitaka, na gharama naiweka kwenye bei tangu siku ya makubaliano.

Ukitaka kununua yako, chukua bei ya rekoda pamoja na SSD na betri, igawe kwa faida halisi unayobaki nayo kwenye shughuli moja. Jibu ni idadi ya shughuli utakazofanya bure mpaka irudishe hela yake. Kama idadi hiyo inazidi oda ulizopata msimu mzima wa mavuno uliopita, subiri kwanza.

Andika hapo chini jina la kamera yako na shughuli zako ni za saa ngapi, tupige hesabu pamoja. Na mshirikishe mwenzako anayetaka kununua wiki hii.