Jeni Zinazojenga Mishipa ya Damu

Wiki tatu baada ya mimba kutungwa, kiinitete cha binadamu ni kidogo kuliko punje ya mchele, lakini tayari mishipa yake ya damu imeanza kujengeka. Haiwezi kusubiri. Oksijeni ikisambaa yenyewe tu kati ya seli haifiki mbali zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na kiinitete kinanenepa kila siku.

Kazi huanzia kwenye tabaka la kati la seli za kiinitete. Humo jeni iitwayo ETV2 huamuru baadhi ya seli ziwe za ukuta wa mishipa. Panya wa maabara wakizimiwa jeni hii, vijusi vyao hufa bila mishipa wala damu. Seli zilizoteuliwa hujikusanya, hushikana na kuacha uwazi katikati, na mishipa ya kwanza hupatikana.

Baada ya hapo protini ya VEGF hushika usukani. Seli zinazokosa oksijeni huitoa kwa wingi, na mishipa huchipua kuelekea zilipo. Jambo la ajabu ni jinsi kipimo chake kilivyo nyeti. Kwa jeni nyingi, nakala moja kati ya mbili ikiharibika, iliyobaki hutosha. Kwa VEGF haitoshi: mwaka 1996 timu mbili za watafiti, moja ya Ubelgiji na nyingine ya Marekani, zilionyesha kwamba panya aliyepoteza nakala moja tu hufa tumboni katikati ya mimba. Kuzidi nako ni hatari. Kipokezi kiitwacho FLT1 huinasa VEGF na kupunguza nguvu yake; kikiondolewa, seli za mishipa huongezeka kupita kiasi na mpangilio wote huvurugika.

Uchipuaji huu huonekana vizuri kwa samaki wadogo aina ya zebra, ambao viinitete vyao vinapitisha mwanga. Katika siku ya kwanza tu, vichipukizi hutoka kwenye mshipa mkuu na kupanda katikati ya misuli. Seli ya mbele hunyoosha vijinyuzi vyembamba kutafuta VEGF, na papo hapo, kwa protini ya DLL4, huzizuia jirani zake zisiige. Bila zuio hilo kila seli ingetaka kuongoza, na pangetokea msongamano wa vijishipa visivyopitisha damu ipasavyo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba msukumo wa damu ndio unaotenganisha ateri na vena. Mwaka 1998 watafiti wa California waligundua kwamba seli za ateri za panya hubeba protini ya ephrin-B2 na za vena hubeba EphB4, hata kabla damu haijaanza kuzunguka. Msukumo una mchango wake, ila jeni hutangulia.

Kwa mtu mzima mishipa mipya huota kwa nadra, kwa mfano jeraha linapopona. Uvimbe wa saratani nao huitumia VEGF kujivutia damu, na ndiyo sababu dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huizuia protini hiyo.