Akiba ya Pesa za Shaba

Zamani watu wa pwani walipokwenda sokoni walichukua sarafu ndogo za shaba nyekundu, zilizoitwa pesa. Katika mwaka 1882 Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake mwenyewe, zenye jina lake upande mmoja na picha ya mizani upande wa pili. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja ya fedha. Mtu mwenye kupenda akiba alitia pesa zake katika mtungi au sanduku, na kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, baada ya miaka mingi chombo kilijaa.

Lakini kuondoa pesa nyingi si kazi rahisi kama kuziweka. Sababu ya kwanza ni uzito. Pesa moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 6 na nusu. Mwanafunzi na ahesabu: rupia 100 ni pesa 6,400, na uzito wake wapita kilo 41. Rupia 100 za fedha uzito wake haukufika kilo moja na robo. Mpagazi wa zamani alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Basi mali ambayo mtu aliweza kuichukua mkononi ikiwa ni fedha, ilimshinda mpagazi mwenye nguvu ikiwa ni shaba.

Sababu ya pili ni sheria. Sarafu za shaba hufanywa kwa ajili ya manunuzi madogo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1870, mtu hakulazimishwa kupokea peni kupita shilingi moja, yaani peni 12. Mwenye kudai deni kubwa aliweza kukataa gunia la peni, wala hakuwa na kosa.

Watu husema kwamba akiba haiozi. Ni kweli, shaba haiozi kama mahindi. Lakini thamani yake yaweza kupotea. Sarafu ya zamani ina thamani za namna tatu, na mwenye kutaka kuiondoa imempasa kuzijua zote.

Thamani ya kwanza ni ile iliyopewa na serikali. Thamani hii hudumu maadamu serikali yaikubali sarafu, kisha hukoma. Katika mwaka 1971 Waingereza walibadili hesabu ya fedha zao, na peni za zamani zikakoma kutumika tarehe 31 Agosti mwaka ule. Aliyezipeleka benki mapema alipata fedha mpya. Aliyeziacha chini ya kitanda alibaki na mzigo ambao haukuweza kumnunulia hata mkate. Kwa hiyo, tangazo la kubadili sarafu likitoka, asiyekawia ndiye mwenye faida.

Thamani ya pili ni ya shaba yenyewe, nayo hupimwa kwa mizani. Mafundi huinunua shaba ili waiyeyushe. Walakini haifai kukimbilia kuyeyusha, kwa maana nchi nyingine hukataza. Senti za Marekani zilizofanywa kabla ya mwaka 1982 zina shaba sehemu 95 katika kila sehemu 100. Bei ya shaba ilipopanda hata ikapita thamani ya senti, serikali ya huko ilikataza kuziyeyusha.

Thamani ya tatu ni ya habari iliyomo katika sarafu. Katika mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache katika kisiwa kimoja cha kaskazini ya nchi ile. Alizitia katika kopo, zikakaa humo miaka mingi. Katika mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu wazitazame, nao wakaona kwamba tano katika hizo zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Mpaka leo wataalamu hawajapatana jinsi zilivyofika mbali namna ile. Kama askari yule angalizitupa au kumpa fundi aziyeyushe, jambo hilo lisingalijulikana kamwe.

Basi mtu aliyerithi sanduku la pesa za kale afanyeje? Kwanza asizisugue kwa mchanga wala kwa ukwaju ili zing'ae, kwa maana kusugua huondoa maandishi, na wakusanyaji wa sarafu hawazipendi zilizosuguliwa. Pili, azitenge kwa namna zake na kwa miaka yake, kisha aandike idadi ya kila namna, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, amwonyeshe mtu mwenye ujuzi, kama vile mtunzaji wa jumba la makumbusho, kabla ya kuuza hata moja. Zilizo chache na za kale zaidi huenda zikawa na bei kubwa kuliko nyingine zote pamoja. Zilizobaki aweza kuziuza kwa uzito, ikiwa sheria yaruhusu. Na sarafu za kale zilizofukuliwa ardhini si za kuuzwa kwa siri. Yapasa kuwaarifu wakuu wa serikali.

Pesa moja ya Sultani Barghash haiwezi kununua kitu sokoni leo. Hata hivyo, afadhali mwenye sanduku aweke moja au mbili, ili watoto wake waione ile mizani, wajue jinsi babu zao walivyonunua na kuuza.